Fleti ya kale yenye vyumba sita inauzwa mbele ya Central Park: kabla ya kusifia dari, shukeni kwenye boila

Fundi wa Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu.

Binamu yangu na mumewe, madaktari wote wawili hapa New York, wameipenda fleti inayouzwa upande wa magharibi wa Central Park, katikati ya Mtaa wa 90 na Mtaa wa 100. Jumapili iliyopita walinipitia twende kuiona. Fedha za kuwaongezea sina, nao wanajua. Walinichukua kwa sababu nilifanya kazi ya ufundi kwa miaka 11 katika jengo la rika hilohilo, nikizibua mabomba, nikifunga vali za redieta, yaani vipasha joto vya chuma vya vyumbani, na kupokea lawama za wakazi saa nane za usiku. Niliwaahidi maoni yangu kwa maandishi, nikaona ni heri niyaweke hapa, kwa kuwa wapo humu wanaotafuta nyumba za aina hii, na wapo wanaozijua kwa upande ambao mimi siujui.

Tangazo linasema ni nyumba ya "kabla ya vita". Katika soko la New York maneno hayo hutumika kwa majengo yaliyosimamishwa tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Pili. Hili letu ni la 1926, lina ghorofa 15, na fleti iko ghorofa ya 9. Mpango wake ndio ule ambao madalali huuita wa vyumba sita: sebule, chumba cha kulia chakula, jiko, vyumba viwili vya kulala, na chumba kidogo cha mtumishi nyuma ya jiko, chenye choo chake. Bafu hazimo katika hesabu hiyo. Ukifungua mlango unapokelewa kwanza na ukumbi mdogo, na kutoka hapo ndipo nyumba inagawanyika: wageni huku, vyumba vya kulala kule, na upande wa tatu jiko na mtumishi, wenye mlango wao na lifti yao ya mizigo. Mbunifu alikusudia kwamba mwenye nyumba na mtumishi waweze kushinda humo mchana kutwa wasikutane isipokuwa mezani. Kwenye sakafu ya chumba cha kulia, pale ambapo mguu wa mama mwenye nyumba ungefika akiwa ameketi, pana kitufe cha shaba kilichosawazishwa na mbao. Alikuwa akikibonyeza kwa ncha ya kiatu, kengele ikalia jikoni, na sahani zikaja kuondolewa. Waya wake ulikatwa zamani. Hata hivyo binamu yangu alikibonyeza mara tatu.

Dari ina futi tisa na nusu, yaani karibu mita 2.9. Kuta ni za matofali mepesi yaliyopigwa plasta, nene kiasi cha kumfanya jirani awe habari ya kusimuliwa tu, na kwa sababu hiyohiyo intaneti isiyo na waya haitoki sebuleni hadi chumba cha mwisho bila kifaa cha pili cha kuisukuma. Sakafu ni ya mwaloni, vipande vimepangwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, na imekwisha kusagwa mara nyingi mno. Karibu na mlango wa jiko vichwa vya misumari vimeanza kuonekana. Sidhani kama mbao hizo zitastahimili kusagwa tena.

Kisha tukafika kwenye madirisha mawili ya sebule, yanayotazama mashariki. Dalali, ambaye tangu mlangoni hakuwa amefunga mdomo, hapo alinyamaza. Ghorofa ya 9 ni kimo kizuri: unavitazama vilele vya miti kwa juu kidogo, lakini bado unaona kwamba anayepita na mbwa ni mwanamke mwenye koti jekundu. Nilimwona shemeji ameegemeza mikono juu ya kifuniko cha redieta, na ile karatasi yake ya maswali imekunjwa mfukoni. Kwa niliyoyaona kazini, mnunuzi anayesahau karatasi yake dirishani ndiye anayelipa bei iliyotangazwa.

Mimi niliomba tushuke chini. Dalali akasema huko hakumo katika ratiba ya siku hiyo, jambo ambalo lilikuwa kweli, kwa hiyo nilirudi Jumanne, nikajitambulisha kwa msimamizi wa jengo, fundi kwa fundi, naye akanifungulia. Tulikaa huko saa moja na nusu.

Jengo linapashwa joto kwa mvuke wa bomba moja. Kwa ambao hawajauona mfumo huu: boila huchemsha maji, mvuke hupanda kwa bomba hadi kwenye redieta za chuma cha kusubu zilizomo katika kila fleti, hupoa humo na kugeuka maji, na maji hayo hurudi chini kwa bomba lilelile ambalo mvuke mwingine unapandia. Njia ni moja kwa wanaokwenda na wanaorudi, na amani yao inategemea mteremko. Redieta ikilala vibaya, hata kwa unene wa sarafu chache, maji hubaki ndani, mvuke unakuja na kuyabamiza, na mkazi husikia mlio kama wa nyundo ukutani, akadhani bomba limepasuka. Mara nyingi dawa yake ni vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya upande usio na vali, ili maji yateremkie kwenye vali na kushuka zake. Kosa jingine ni la wakazi wanaofunga vali nusu wakidhani wanapunguza joto, ilhali vali hiyo ni ya kufungua yote au kufunga yote. Katika fleti hii, redieta ya chumba kikubwa cha kulala imelalia upande usiofaa. Hiyo ni kazi ya dakika kumi.

Kilichonitia wasiwasi ni daftari. Msimamizi wa boila mwenye nidhamu huandika kila siku kiasi cha maji mapya yaliyoongezwa, na huyu ni mwenye nidhamu. Mfumo wa mvuke ulio mzima hauhitaji maji mengi mapya, kwa kuwa maji ni yaleyale yanayozunguka. Humu yanaongezwa kila siku, na kiasi kimepanda tangu majira ya baridi yaliyopita. Maana yake mvuke au maji yanapotea mahali fulani, na mahali panapoelekea zaidi ni bomba la kurudishia maji lililofukiwa chini ya sakafu ya chumba cha kufulia. Maji mapya pia huleta oksijeni ndani ya boila, na oksijeni huila boila kutoka ndani. Msimamizi hakunificha. Alisema ameiandikia bodi mara mbili.

Bei inayotajwa ni dola 2,150,000, na ada ya mwezi ni dola 4,300. Naomba michango yenu, hasa ya wanaojua upande wa karatasi.

Mama Wawili

Fundi, ahsante kwa maelezo yaliyoshiba. Sisi tunapanga Bronx na tumekuwa tukitazama matangazo ya namna hii kwa macho tu, lakini yapo mambo ambayo sijawahi kuyapatia jibu. Mtu anatoa zaidi ya milioni mbili, kisha anaendelea kulipa dola 4,300 kila mwezi milele, hata akimaliza mkopo wake. Je, hiyo si kodi ya pango kwa jina jingine? Na la pili: binamu yako ana watoto wadogo? Nyumba ya 1926 ina rangi za 1926 chini ya rangi za leo, na dirisha la ghorofa ya 9 ni dirisha la ghorofa ya 9.

Karani wa Sheria

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya mawakili wanaoshughulikia mauzo ya nyumba, upande wa Queens, na nitajibu kwa kadiri ya uzoefu huo.

Dada Mama Wawili amegusa penyewe, ingawa jina si "kodi ya pango". Majengo mengi ya kale ya Manhattan ni ya ushirika. Wenzetu wa nyumbani wanaujua ushirika wa kahawa na wa pamba, na muundo huu ni ndugu yake: jengo zima ni mali ya kampuni, wewe unanunua hisa za kampuni hiyo, na hisa zako zinakupa mkataba wa kudumu wa kukaa katika fleti fulani. Hupati hati ya umiliki wa nyumba. Unapata cheti cha hisa. Ada ya mwezi ni sehemu yako ya gharama za kampuni kulingana na hisa ulizonazo: kodi ya mali inayodaiwa na jiji, mafuta au gesi ya boila, mishahara ya bawabu na mafundi, bima, na riba ya mkopo ambao mara nyingi kampuni yenyewe huwa imeuchukua kwa dhamana ya jengo zima. Kwa hiyo katika zile 4,300 imo kodi ya jiji ambayo mwenye nyumba ya kawaida angeilipa kando, na limo joto la majira ya baridi.

Upo unafuu mmoja. Kwa kuwa hisa si ardhi, mnunuzi wa fleti ya ushirika hatozwi kodi ya kusajili mkopo wa nyumba, ambayo kwa anayenunua fleti yenye hati, akikopa dola 500,000 au zaidi, hufikia asilimia 1.925 ya mkopo. Ipo hata hivyo kodi inayoitwa ya majumba ya kifahari, na jina hilo lisimtishe wala kumfariji mtu, kwa sababu huanzia kwenye bei ya dola 1,000,000, ambayo kwa Manhattan hainunui jumba lolote. Hulipwa na mnunuzi. Tangu Julai 2019 viwango vyake vinapanda kwa ngazi: asilimia 1 kwa bei iliyo chini ya milioni mbili, asilimia 1.25 kuanzia milioni mbili hadi chini ya milioni tatu, na kuendelea hadi asilimia 3.9 kwa bei ya milioni 25 na zaidi. Kiwango hutozwa kwenye bei yote, hakianzi pale unapovuka ngazi. Kwa bei iliyotangazwa, binamu yako atalipa dola 26,875. Akinunua kwa 1,975,000 atalipa 19,750. Sababu ya kusimama chini ya milioni mbili anayo tayari, na wewe umempa nyingine kutoka chini ya sakafu ya chumba cha kufulia.

Sasa hesabu ya bodi. Ushirika wa namna hii kwa kawaida hutaka mnunuzi atoe taslimu asilimia 20 hadi 25 au zaidi, na yapo majengo yanayodai nusu, na mengine hayataki mkopo kabisa. Tuseme ni asilimia 25 ya 1,975,000: hizo ni dola 493,750, na mkopo ni 1,481,250. Kwa riba ya asilimia 6.5 na muda wa miaka 30, marejesho ni kama dola 9,360 kwa mwezi. Ongeza ada, unapata takriban 13,660. Bodi nyingi hutaka malipo yote ya nyumba yasizidi robo au kidogo zaidi ya robo ya mapato, na baada ya kufunga mauzo mnunuzi abakiwe na akiba ya kulipia miaka miwili. Miaka miwili hapa ni kama dola 328,000, na hesabu yake huanza baada ya malipo ya awali, kodi na wakili. Madaktari wawili wanaweza, lakini wajue kwamba kuweza kununua na kukubaliwa kununua ni milango miwili tofauti.

Mlango wa pili ni mahojiano. Mnunuzi hupeleka furushi la karatasi: marejesho ya kodi, taarifa za benki, barua za waajiri, barua za watu wanaomfahamu. Bodi hulisoma, humwita, kisha huamua, na kwa ujumla hailazimiki kutoa sababu ikikataa. Sheria inakataza kumbagua mtu kwa rangi, dini, asili ya taifa lake, kuwa na watoto na mengineyo, lakini mtu asiyepewa sababu ana kazi kubwa ya kuthibitisha sababu. Nawaambia wateja wetu wasilipeleke furushi likiwa na pengo hata moja, kwa maana pengo ni sababu ya bure.

Jambo la mwisho na ndilo kubwa. Hapa New York mkataba wa mauzo hupitia kwa mawakili wa pande zote mbili, na mnunuzi anapotia saini huweka asilimia 10 ambayo hushikwa na wakili wa muuzaji hadi mauzo yafungwe. Kabla ya saini hiyo, wakili wa binamu yako aende kusoma mihtasari ya vikao vya bodi. Mahesabu yaliyokaguliwa yataonyesha akiba ya jengo, lakini mihtasari ndiyo itakayoonyesha kama zile barua mbili za msimamizi zilisomwa.

Msomaji wa Ramani

Naomba kuchangia kidogo juu ya mahali penyewe, kwa sababu mtu anayenunua dirisha linalotazama bustani anapaswa kujua anachokitazama.

Central Park ina ekari 843, urefu wa kama kilomita 4 na upana wa kama mita 800, kutoka Mtaa wa 59 hadi wa 110. Ramani yake ilichorwa na Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walioshinda shindano la 1858. Ardhi haikuwa tupu. Kusini kidogo ya hapo anapotaka kununua binamu wa Fundi, takriban kati ya Mtaa wa 82 na wa 89, palikuwa na kijiji kilichoitwa Seneca Village, ambacho Wamarekani weusi walianza kununua viwanja vyake mwaka 1825. Kilikuwa na makanisa, shule na makaburi, na kufikia 1855 kilikuwa na wakazi wapatao 225, wakiwemo Waayalandi. Kumiliki ardhi kulikuwa na uzito wa pekee, kwa kuwa katiba ya jimbo ya 1821 ilimtaka mwanamume mweusi awe na mali ya dola 250 ndipo apige kura, sharti ambalo mweupe hakuwekewa. Jiji lilitwaa ardhi kwa kulipa fidia, na 1857 kijiji kikabomolewa.

Majumba yalikuja baadaye. Dakota, lile la Mtaa wa 72, lilikamilika 1884, nalo liligharimiwa na Edward Clark, mkuu wa kampuni ya Singer. Ndiyo, Singer hii ya cherehani zilizopigwa na mafundi wetu barazani kutoka Lamu hadi Ujiji. Faida ya zile za mwanzo ilisimamisha jumba ambalo kila dalali wa upande huo wa bustani hulitaja. Minara miwili miwili inayoonekana leo ilikuja mwishoni kabisa, baada ya sheria ya majengo ya makazi ya 1929 kuruhusu kwenda juu zaidi: San Remo ya mbunifu Emery Roth ni ya 1930, na Majestic, Century na Eldorado zilifuata 1931, wakati uchumi umekwisha kuanguka. Jengo la 1926 ni la kabla ya minara hiyo, kwa hiyo usitarajie mbwembwe. Litakuwa sanduku la matofali lenye mapambo ya mawe juu ya mlango na kwenye ukingo wa paa.

Ukingo huo wa paa uuliziwe. Mwaka 1979 kipande cha jengo kilianguka na kumuua mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akipita kando ya barabara, na mwaka uliofuata jiji likatunga sheria ya ukaguzi wa kuta za nje, ikaongezwa makali 1998. Kila jengo linalozidi ghorofa sita hukaguliwa kila baada ya miaka kadhaa. Likikutwa na hatari, husimikwa paa la mbao na vyuma juu ya njia ya waenda kwa miguu, na paa hilo laweza kukaa miaka.

Aidha, sehemu kubwa ya eneo hilo imo katika wilaya ya kihistoria iliyotangazwa 1990. Jengo likiwa humo, huwezi kuamka asubuhi ukabadilisha dirisha kwa aina unayoitaka. Tume ya jiji ya hifadhi ya majengo ina neno lake.

Mzee wa Flatbush

Nawasoma kwa utulivu, lakini naona mnampamba bibi harusi wa jirani huku wa kwenu yupo. Vukeni daraja. Olmsted na Vaux haohao ndio waliochora Prospect Park ya Brooklyn, iliyofunguliwa 1867, ekari 526, na wengi husema kwamba waliipenda zaidi kwa sababu hapakuwa na mstatili wa kuwabana. Kuanzia Grand Army Plaza, kando ya Plaza Street, Prospect Park West na mwanzo wa Eastern Parkway, yapo majengo ya miaka hiyohiyo ya 1920, yenye dari zilezile, ukumbi uleule na redieta zilezile zinazogonga. Bei kwa ujumla ni ya chini kuliko Central Park West. Binamu ameangalia huko, au ameshikwa na jina?

Mkimbiaji wa Asubuhi

Mzee wa Flatbush, shikamoo, lakini kuna jambo moja ambalo Brooklyn haina: mstari wa kumalizia mbio. Marathoni ya New York humalizikia ndani ya Central Park, upande uleule wa magharibi, na hapo ndipo Ibrahim Hussein wa Kenya alipomaliza wa kwanza 1987, Juma Ikangaa wa Tanzania 1989 kwa saa 2:08:01, na Tegla Loroupe 1994 na 1995. Mimi hukimbia kuzunguka lile bwawa kubwa, ambako mzunguko mmoja ni kama kilomita 2.5, na kutoka kwenye jengo la Fundi mtu yuko njiani kabla viatu havijapata joto.

Kwa upande wa kasoro, treni za B na C hupita chini ya barabara hiyo. Ghorofa ya 9 huenda isizisikie, lakini mtu asimame sebuleni kimya kwa dakika kumi siku ya kazi, kwa sababu siku mliyokwenda ilikuwa Jumapili.

Fundi wa Chini

Wakuu, nimesoma yote, na nimechelewa kurudi kwa sababu mambo yamekwenda mbio.

Nianze na Mzee wa Flatbush. Shikamoo. Tuliangalia mbili huko kwenu, na moja kati yake kwa macho ya fundi ilikuwa nzima kuliko hii. Kilichowarudisha ni hospitali: shemeji huitwa usiku, na kutoka Grand Army Plaza hadi kazini kwake ni safari ndefu mno kwa mtu anayesubiriwa. Kama wangekuwa wanafanya kazi Brooklyn, uzi huu ungehusu Plaza Street.

Mama Wawili, watoto wapo, wa miaka minne na saba. New York ilipiga marufuku rangi ya risasi katika nyumba mwaka 1960 na Marekani nzima ikafuata 1978, kwa hiyo katika jengo la 1926 chukulia kwamba imo hadi kipimo kiseme vinginevyo. Rangi iliyotulia ukutani haina haraka. Hatari ipo pale panaposuguana, na katika nyumba za kale ni kwenye madirisha ya kupandisha na milango, ambako mtikisiko hutoa unga, na mtoto hutia vidole mdomoni. Muuzaji ana wajibu wa kueleza anachokijua, na mnunuzi ana haki ya kupima. Ama dirisha, sheria ya jiji inataka vizuizi vya chuma penye mtoto wa miaka 10 au chini, na kwa ghorofa ya 9 sihitaji sheria kuniambia.

Mkimbiaji, nilisimama sebuleni Alhamisi kuanzia saa mbili asubuhi. Treni haisikiki. Sauti iliyonijia ni ya redieta, maana ilikuwa siku ya baridi na madirisha mawili yalikuwa wazi. Hali hiyo ni ya kawaida katika majengo haya. Redieta zake ni kubwa kupita haja, na boila huwashwa kwa kumtazama mkazi wa kona ya baridi zaidi, kwa sababu kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei sheria inataka mchana ndani pasipungue nyuzi 20 za Selsiasi ikiwa nje ni chini ya 13, na usiku pasipungue 17. Anayeokolewa ni wa kona. Wa katikati anaoka na kufungua dirisha, na wote wanalipia joto linalokwenda bustanini kupitia ada ya mwezi.

Na hapo ndipo linapoingia jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Sheria ya jiji namba 97 ya mwaka 2019 imeweka ukomo wa hewa chafu kwa majengo yanayozidi futi za mraba 25,000. Ukomo ulianza 2024 na unakazwa zaidi 2030, na faini ni dola 268 kwa kila tani ya ziada kwa mwaka. Jengo lenye boila kongwe inayopasha joto njia ya wapita miguu litakutana na mwaka 2030 likiwa limevaa vibaya.

Sasa mihtasari. Karani, nakushukuru mno. Wakili aliketi na majalada ya miaka mitatu katika ofisi ya wakala anayeendesha jengo. Barua zote mbili za msimamizi zimo. Ya kwanza imepokelewa "kwa kumbukumbu". Ya pili ilijadiliwa miezi mitano iliyopita: fundi mshauri aliitwa, akasema bomba la kurudishia maji limeoza na boila isitegemewe zaidi ya majira mawili ya baridi, na bodi ikaahirisha uamuzi hadi ukuta wa nyuma umalizike kukaguliwa, kwa kuwa akiba haitoshi kwa yote mawili bila mchango wa dharura kutoka kwa wenye hisa. Mchango huo haujatangazwa. Ungetangazwa baada ya binamu kununua, angelipa yeye. Dalali wa muuzaji alipoulizwa alisema hakuna mchango wowote uliopitishwa, na sentensi hiyo ni ya kweli kabisa.

Tumepeleka ofa ya 1,940,000, na kifungu kinachosema kwamba mchango wowote wa boila au ukuta utakaopitishwa kabla ya kufunga mauzo, au ndani ya mwaka mmoja baada yake, utabebwa na muuzaji hadi dola 40,000, fedha ambazo zitashikwa na wakili. Muuzaji alikataa kifungu kwa siku nne. Jana alikubali mwaka mmoja uwe miezi tisa, na bei iwe 1,960,000. Binamu amekubali. Furushi la bodi linaandaliwa. Barua za waajiri zimefika, bado mbili za marafiki.

Mama Wawili

Hongereni. Nina swali moja tu lililobaki: hicho chumba cha mtumishi nyuma ya jiko mtakifanya nini? Na mashine ya kufulia itakaa wapi?

Fundi wa Chini

Chumba kitakuwa cha mama yake binamu, ambaye huja kutoka Tanga kila mwaka na kukaa miezi mitatu. Ni kidogo, kitanda kikiingia kinabaki kijia cha mtu mmoja, lakini kina choo chake, na redieta yake ina mteremko sahihi. Bibi hapendi baridi.

Mashine ya kufulia hairuhusiwi ndani ya fleti. Mabomba ya maji machafu ni ya zamani, na povu la mashine hupanda hadi kwenye sinki la jirani wa chini. Watafulia kule chini kama wote, juu ya bomba letu lilelile, hadi siku sakafu itakapochimbwa.